Koko Aliyesafisha Bunduki Asiyoipenda

Koko alikuwa na mwana mmoja na bunduki moja, na miaka yote niliyomjua alikuwa akijiuliza kama hivyo viwili vinafaa kulala nyumba moja. Alijiuliza kwa sauti, mwana mwenyewe akiwa pale pale, huku akimimina chai. Mwana alicheka. Koko hakucheka. Alimsukumia kikombe akamwambia anywe kabla haijapoa.

Sote tulimwita Koko, yaani bibi, hata sisi tusio wajukuu wake na tusiokuwa na hata tone la Umaasai. Yeye aliniita Pakine. Si jina langu. Kwao, watu wakipeana mbuzi huacha majina yao wakaanza kuitana hivyo, na mimi alinipa mbuzi jike siku moja baada ya kubishana naye asubuhi nzima juu ya madume sita. Nilidhani ni zawadi. Nilipofika nyumbani nikapiga hesabu, nikairudia, nikaona kwamba bei aliyonikamua kwa wale sita ilikuwa imeshamlipia yule wa saba. Lakini jina lilibaki, na jina halirudishwi dukani.

Kazi yangu ni mbuzi. Nanunua Oltepesi, nanunua Kimuka, nauza Kitengela kwa wenye bucha na wenye harusi. Wazee wengi ninaonunua kwao hawaamini pesa inayokaa ndani ya simu. Wanataka noti, waishike, waiinue kwenye jua. Kwa hivyo nilitembea na noti, na watu waliojua kwamba nina noti walikuwa wengi kuliko wale niliowaambia. Nilipoporwa mara ya pili niliomba leseni ya bastola. Nikatoa alama za vidole, nikapeleka barua, nikaulizwa maswali na watu waliokuwa wamenikasirikia tayari, nikafundishwa kulenga, nikangoja mpaka nikasahau ninachongoja. Mwisho nikapewa karatasi yenye jina langu, nikanunua bastola nyeusi, ndogo, nzito kuliko inavyoonekana. Hakuna aliyeniambia kwamba bunduki ni kama ng'ombe wa maziwa. Kununua ndiyo sehemu rahisi.

Duka la silaha lilikuwa Nairobi. Kijana mwenye tai alinifungulia sanduku kama la wakili: brashi za kila unene zimepangwa kama meno, chupa tatu, vyuma vya kuunganishwa, vitambaa vya mviringo vilivyokatwa na mashine. Akataja bei. Nilimuuliza kama hiyo ni ya sanduku au ya duka. Akasema bei ni moja kwa kila mtu. Mimi sijawahi kununua kitu kwa bei ya kila mtu, na sikuona sababu ya kuanzia pale.

Nikarudi nyumbani nikafikiri kama mtu wa mifugo. Wazee ninaowajua hupaka sime zao mafuta ya mkia wa kondoo, na sime hizo hazijawahi kuona kutu. Chuma ni chuma, nikajiambia. Mkia wa kondoo ninao, tena bure. Nikauyeyusha, nikauchuja, nikaipaka bastola ndani na nje mpaka ikang'aa kama uso wa bibi harusi.

Wa kwanza kugundua walikuwa sisimizi. Walikuja kwa mstari mmoja kutoka dirishani hadi kwenye kabati la chuma, wakaingia kwa tundu la ufunguo. Wa pili walikuwa mbwa. Nilikwenda Isinya nikiwa nayo kiunoni, na mbwa wanne wakanifuata kutoka stendi hadi mahali pa mnada, bila ukali wowote, kwa upendo mtupu. Na vumbi ndilo lilikuwa la mwisho na baya zaidi. Vumbi letu la Kitengela nusu ni udongo, nusu ni simenti, na likikutana na mafuta ya kondoo linakuwa lipu. Siku niliyojaribu kuivuta sehemu ya juu, ilikwenda nusu njia ikasimama pale kama punda.

Ndipo nikaenda kwa Koko, kwa sababu ndiye mtu pekee niliyemjua ambaye alikuwa na bunduki kihalali na hakuwa polisi.

Alikaa upande wa pili wa reli mpya, kwenye uwanda, mahali ambapo ploti zilikuwa zimemzunguka pande tatu na upande wa nne ulikuwa bado wa fisi. Bunduki yake ilikuwa ya mitutu miwili, ile inayokunjwa katikati. Mumewe aliiacha, naye akaomba leseni kwa jina lake mwenyewe. Husimuliwa kwamba ofisini walimuuliza mama mzee kama yeye anaitakia nini, akajibu kwamba anaitakia fisi, na kama wao wanaweza kuja kulinda ndama basi hana haja nayo. Sikuwepo. Lakini nilimsikia akibishana mara nyingi baada ya hapo, kwa hivyo nasadiki.

"Koko, takwenya," nikamsalimia.

"Iko," akaitikia kwa Kimaasai, akainua pua. "Pakine, umekuja na nyama?"

Nikamweleza. Hakuigusa bastola. Aliniuliza kwanza kama ina risasi. Nikasema haina. Akaniambia nimwonyeshe. Kwa kuwa ilikuwa imekwama nusu wazi, alichungulia kwa upande, akaniambia nitie kidole nipapase ndani, nikapapasa, akaniambia nipapase tena. Mimi ni mtu ninayehesabu kila kitu mara mbili, na hapo nikajiona mzembe. Kisha akanusa.

"Hii unataka kuifyatua ama kuila?"

Mwanawe alikuwa mlangoni, akacheka mpaka akashika fremu. Koko akamgeukia bila haraka. "Wewe cheka. Yeye ameipaka mafuta ya kondoo. Wewe hujawahi kuipaka kitu."

Huyo mwana hakuwa mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa dalali wa mashamba mjini Kitengela, viatu safi, simu mbili, maneno mazuri. Alikuwa na haraka tu. Aliona kila kitu upande wa mwisho wake: shamba akaliona likiwa limeshauzwa, ndama akamwona akiwa ameshapimwa kilo. Na bunduki ya baba yake aliiona mikononi mwake. Aliomba irithishwe kwake, Koko akamjibu kwamba mtu harithi mlio peke yake. Akamwekea sharti. Kila mara bunduki ikisafishwa, awepo, asafishe yeye, mama akiwa amesimama kando yake kwa kuwa leseni ni ya mama. Mwaka mzima. Baada ya mwaka atakwenda naye ofisini Kajiado kumwombea leseni, kwa mdomo wake mwenyewe.

Nilimwona kijana akisafisha mara mbili katika mwaka huo. Mara ya pili alikuwa akiongea na simu.

Kwa upande wangu Koko alinipangia vitu vya kununua, na alipanga kama anavyouza mbuzi, yaani kwa kunipokonya kwanza nilichodhani najua. Akaniuliza niko na bunduki ngapi. Nikasema moja. Iko na mitutu mingapi? Mmoja. Basi lile sanduku la brashi za kila unene ni la nani? Akasema ninunue brashi moja, ya unene wa mtutu wangu, nitaje namba iliyoandikwa kwenye bastola na nisikubali mtu aniambie inakaribiana. Iwe ya shaba, maana shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu, ikikwaruza inajikwaruza yenyewe. Ya chuma kigumu niwaachie wanaosugua sufuria. Fimbo ya kusukumia iwe kipande kimoja nikiipata, kwa sababu ile ya kuunganisha inashika uchafu kwenye viungo na kuusugulia ndani. Dawa ya kutoa masizi ya baruti, chupa ndogo. Mafuta mepesi ya bunduki, chupa ndogo zaidi.

"Na vitambaa?"

"Uko na fulana?"

"Niko nayo."

"Ya pamba?"

Nikaangalia ndani ya kola. Ilikuwa ya pamba.

"Basi uko na vitambaa," akasema.

Nikarudi kwa yule kijana mwenye tai nikamtajia vitu vinne, nikakataa cha tano, na cha sita alichonitolea chini ya meza nikakikataa kabla hajakitaja. Hakupunguza bei. Lakini nilipofika mlangoni kwa mara ya pili aliniongezea mswaki mgumu wa kuswaki pembe ndogo ndogo, akisema ni wa kampuni. Nilipomsimulia Koko ushindi huo, alisema mswaki wa zamani wa nyumbani kwangu ungefanya kazi hiyo hiyo. Kwake sikuwahi kushinda kitu.

Lipu ilitoka, na tulisafisha pamoja mara nyingi baada ya hapo, yeye yake, mimi yangu, kwenye meza ya nje upande usio na upepo, kwa sababu ile dawa ina harufu ya kuumiza kichwa. Risasi zilibaki chumba kingine, mlango umefungwa. Hakuruhusu hata maganda matupu mezani. Hakuruhusu chai pia, na mtu aliyemaliza alinawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika kikombe, hata angekuwa mchungaji wa kanisa. Kitambaa chenye dawa, kisha brashi, kisha kitambaa, kitambaa, kitambaa, mpaka kitoke kama kilivyoingia. Mafuta mwisho, tone, na hilo tone lenyewe lifutwe. Alisema mafuta ya bunduki ni kama sifa kwa watu, kidogo yalinda, mengi yakusanya uchafu. Nilimwambia huo ni msemo mzuri. Akaniambia si msemo, ni vumbi.

Lakini usidhani alikuwa mtu wa usafi. Nyumba yake ilikuwa na mwana-mbuzi jikoni karibu kila siku niliyofika. Miwani yake ilishikizwa kwa uzi wa gunia. Pikapu yake, alipokuwa bado akiendesha, haikuwahi kuoshwa ila na mvua, na uwanda ule hauna mvua nyingi. Alitunza chuma kile kimoja tu, na ndicho alichokichukia. Alikichukia waziwazi. Alipokuwa akikitoa kwenye sefu alikishika mbali kidogo na kifua, kama mtu abebaye mtoto wa wengine aliyejikojolea.

Alikuwa na mikinzano mingine pia. Sukari alikupimia kijiko kimoja huku akikikodolea macho, halafu ukitaka kuondoka anakuchinjia mbuzi. Jumapili aliimba kanisani kwa sauti iliyowashinda vijana wa gitaa, na Jumatatu alinitemea mate ya baraka kichwani kabla sijaenda Oltepesi, akasema moja ni kwa ajili ya roho na moja ni kwa ajili ya barabara. Alisema simu ni kitu cha wajinga, na alijua bei ya mbuzi wa Bissil kabla yangu. Alikataa kuuza hata kipande cha ardhi, ila alifurahia mno kuwasikiliza wanunuzi. Aliwakaribisha, akawanywesha chai, akawaacha wapande bei mpaka wachoke, akawashukuru. Nadhani kwake ilikuwa kama redio.

Nilimwona akifyatua mara moja tu. Ilikuwa mchana, fisi amemvizia ndama karibu na reli, bila haya yoyote. Koko alitoka, akapiga juu, hewani, fisi akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyekumbuka kitu nyumbani. Yote hayo hayakuchukua muda wa kumaliza sentensi. Kisha akakaa kwenye ile meza ya nje akasafisha mtutu mmoja, ule uliotumika, halafu akasafisha na ule ambao haukutumika, mpaka kivuli cha nyumba kikavuka meza. Chakula kikapoa. Nilimuuliza kama haoni uchovu, kazi yote hiyo kwa risasi moja.

"Hivyo ndivyo inafaa kuwa," akasema. "Kupiga ni rahisi sana. Lazima kuwe na kitu kigumu mahali."

Ugomvi wa bikoni, lile jiwe la mpaka, ulikuja mwaka ule mvua zilipochelewa. Mtu aliyenunua ploti upande wa mashariki alijenga ukuta, na mwana wa Koko akasema bikoni imesogezwa, kwamba ukuta umeingia kwao. Huenda ilikuwa kweli. Kitengela bikoni zina miguu. Maneno yakawa makali, yule mnunuzi akaleta vijana wa kulinda mafundi wake, na asubuhi moja nikiwa pale nikichagua beberu, kijana alifika na viatu vyake safi vimejaa vumbi, akamwomba mama ufunguo wa sefu.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema anataka tu kwenda nayo pale ukutani, waione. Haitakuwa na risasi. Waione tu wajue hapa kuna wenyewe.

Koko alimwambia aketi. Akamwambia pia kwamba bunduki haijasafishwa wiki hiyo, na kama anaitaka, aanze na hilo. Nilijua si kweli. Tuliisafisha pamoja siku chache tu nyuma. Kijana aliketi, akaiangalia ile meza, akaviangalia vitambaa vilivyokunjwa kwenye kopo. Nilidhani atashika fimbo. Kwa kweli nilimwombea ashike. Akainuka.

"Mama, sina wakati wa kupangusa vyuma. Watu wanajenga."

"Najua," Koko akasema. "Enda."

Akaenda mikono mitupu. Mama akabaki ameushika ufunguo ndani ya shuka, nami nikajifanya naangalia meno ya beberu.

Kesho yake asubuhi alinipigia simu niende na pikapu yangu. Sikuuliza kwa nini. Nilimkuta ameshavaa shanga za kwenda mjini, na bunduki iko wazi juu ya meza, na kando yake kitambaa cheupe kilichotoka kama kilivyoingia. Akaifunga kwenye blanketi, risasi akazitia mfuko mwingine, akanipa leseni yake niishike kwa sababu miwani ilikuwa inamsumbua. Kijana alikuwa amesimama kwenye uzio. Alielewa. Alisema hiyo ni ya baba. Koko akamjibu kwamba baba alikufa usingizini, kitandani, na hakuacha bunduki ili mwanawe afe tofauti. Kisha akapanda gari, na njia nzima mpaka Kajiado alizungumzia bei ya nyasi.

Kituoni waliiandikisha kwamba imerudishwa kwa hiari. Askari aliyekuwa zamu aliikunja, akainua mitutu kwenye mwanga wa dirisha akachungulia, akaangalia tarehe ya leseni ilivyokuwa ya kale, akachungulia tena. Akauliza ni nani amekuwa akiisafisha.

"Ilikuwa mimi," Koko akasema. "Sasa ni wewe."

Aliporudi nyumbani kijana hakuongea naye. Hilo lilidumu. Nilikuwa nikifika nawakuta wakipitana uani kama watu wa vyama viwili. Fisi nao hawakuchelewa kujua. Sijui huambiana vipi, lakini katika mwezi ule walichukua ndama mmoja, na baadaye mwingine, na mara zote mbili kijana alisimama karibu na mabaki bila kusema neno, na neno lenyewe tulilijua wote. Mimi mwenyewe nilifikiri mama amekosea. Sikumwambia. Nilikuwa bado nanunua mbuzi kwake.

Kisha kazi ikanipeleka upande wa Ngong muda mrefu, na bei ya Kitengela ikawa mbaya, nikakosa sababu ya kupita kwake.

Mara ya mwisho kumkuta nyumbani ilikuwa asubuhi ya baridi, uwanda wote una ukungu mwembamba. Zizi sikulitambua. Lilikuwa limezungushwa waya mpya, nguzo zimesimama sawasawa, miiba imejazwa chini mpaka hata sungura angepiga hodi. Nje yake, juu ya ngozi ya ng'ombe, mwana wa Koko alikuwa amelala kwa buti za mpira, mdomo wazi, koleo la kukata waya bado limo mkononi, tochi kubwa imeegemea ubavuni na mbwa wawili wamejikunja miguuni. Mikono yake ilikuwa na mikwaruzo ya miiba kama ya mchungaji yeyote.

Koko alikuwa ameketi karibu naye kwenye kiti kifupi. Alikuwa amepungua sana. Akanieleza kwa sauti ya chini kwamba kijana analala na ng'ombe tangu yule ndama wa pili. Usiku anazunguka na tochi, asubuhi anaanguka hapo, mchana ndipo anakwenda mjini kuuza mashamba ya watu. Bunduki ingekuwepo, akasema, angelala kitandani akiitegemea. Na ule ukuta? Akasema kijana na yule mnunuzi walikutana ukutani siku moja bila kitu mkononi, wakaitana majina mabaya, wakaona haitoshi, wakamleta sovea apime mpaka upya, wakagawana malipo yake. Sasa wanasalimiana, vibaya, lakini wanasalimiana.

Nikamuuliza kama hajuti.

Alimtazama kijana. "Fisi wamekula ndama wawili," akasema. "Hao nimewahesabu na nikamaliza. Ile hesabu nyingine ningekuwa nayo mpaka nife."

Kijana akageuka usingizini, akasema kitu kisichoeleweka, mbwa mmoja akainua kichwa akakirudisha. Koko akamvutia blanketi begani. Kisha akanielekeza kwa kidevu kwenye beberu mwekundu aliyekuwa amefungwa kando ya tangi la maji, akataja bei, nami nikamwambia kwa bei hiyo nipewe na tangi, na tukaendelea hivyo mpaka jua likatoka, tukibishana kwa kunong'ona.